SIKU TANO MTONI NAILI: ANASA YA CHOMBO KIDOGO

Neno anasa halina sifa njema kwetu sisi watu wa Pwani. Mtu akisemwa kuwa apenda anasa, huwa amelaumiwa. Na mama amwonapo mwanawe kapata mshahara wa kwanza, humwusia ajihadhari na anasa zisije zikammaliza. Lakini ndugu msomaji uliyepitia chuoni, ukakaa mkekani mbele ya mwalimu, unajua kwamba neno hilo tumelipokea kwa Waarabu, na huko lilikotoka lina udugu na neno uns, yaani mazoea na maliwazo, hali ya mtu kupata mwenziwe akaondokewa na ukiwa. Sisi tumelitwaa neno lenyewe, hiyo maana yake ya kwanza tukaiacha forodhani.

Nalikumbuka jambo hili kwa kuwa nimepata kuionja anasa inayouzwa kwa fedha nyingi, nikaiangalia kwa jicho la mtu aliyezaliwa mji wa majahazi. Mpwa wangu mmoja, fundi wa mitambo ya meli katika nchi za Ghuba, alinilipia safari ya siku tano katika Mto Naili, huko Misri ya Juu, ndani ya chombo kidogo cha tanga. "Mjomba," aliniambia katika simu, "umeandika habari za vyombo vya watu miaka mingi. Nenda nawe ukachukuliwe, usifanye kazi yo yote." Hilo la kutofanya kazi halikuwezekana, na ushahidi wake ni haya unayoyasoma.

JINA LENYE DHAHABU

Chombo chenyewe huitwa dhahabia. Hapo Mswahili hahitaji mkalimani: jina latokana na dhahabu, na husemwa kuwa lilianza kwa mashua za watawala wa Misri wa zama za Kiislamu, zilizopambwa kwa rangi ya dhahabu. Hii tuliyopanda haikuwa na dhahabu hata chembe. Ilipakwa rangi nyeupe, urefu wake kiasi cha mita 45, na tumbo lake ni bapa ili ipite penye maji haba. Ina milingoti miwili, mkubwa uko omo na mdogo uko tezi, na matanga yake ni ya pembe tatu, yamefungwa katika foromali ndefu kama ya jahazi letu. Nilipoiona mara ya kwanza pale Esna, kusini ya Luxor, nilihisi nimeonana na binamu aliyelelewa mtoni: sura ni ile ile ya ukoo, matamshi ndiyo mengine.

Vyumba ni vinane, kila kimoja kina kitanda cha shuka nyeupe, choo chake na maji ya moto. Juu kuna sitaha yenye mazulia, mito ya kuegemea na turubali la kuzuia jua. Wageni tulikuwa kumi na wanne. Mabaharia, wapishi na watumishi walikuwa kumi na wawili. Ifikirie hesabu hiyo kabla hujaendelea, maana karibu kila mgeni ana mtu wake wa kumhudumia. Meli kubwa za watalii ziendazo baina ya Luxor na Aswan huchukua watu mia na zaidi, nazo zina muziki, maduka na birika la kuogelea. Dhahabia yetu haikuwa na hata kimoja katika hivyo, na mara nyingi bei ya chombo kama hiki hushinda ya meli hizo. Basi nikajiuliza: watu hawa wamelipia kitu gani?

UPEPO NA KIBLA

Jibu la kwanza lilikuja na upepo. Mto Naili hutiririka kutoka kusini kwenda kaskazini, na upepo wa nchi ile, sehemu kubwa ya mwaka, huvuma kutoka kaskazini kwenda kusini. Atakaye kupanda mto hutweka tanga; atakaye kuteremka hulitua akachukuliwa na maji. Watu wa Firauni walilijua hilo hata wakaliweka katika maandishi yao: mchoro wa chombo kilichotweka tanga ulikuwa alama ya kwenda kusini, na wa chombo kilichotua tanga ulikuwa alama ya kwenda kaskazini. Baba zetu walihitaji misimu miwili kwa kazi hiyo. Kaskazi iliwaleta wageni kutoka Bara Arabu na Bara Hindi, na waliotaka kurudi wakangoja kusi miezi kadhaa, ndiyo maana wengine wakaoa hapa wakawa wakwe zetu. Wamisri Mwenyezi Mungu aliwapa njia ya kwenda na ya kurudi katika siku moja.

Tanga lilipojaa, mtambo haukuwako wa kunguruma. Kilichosikika ni maji yakilamba ubavu wa chombo, mbwa akibweka kijijini, na mtu aliye shambani ng'ambo akimwita punda wake. Wageni wenzangu waliotoka miji mikubwa ya Ulaya walinyamaza kama watu walioingia msikitini. Nikaelewa kwamba kitu cha kwanza walicholipia ni ukimya, ambao kule kwao umekuwa adimu kuliko hariri.

Nahodha wa huko huitwa rais. Nilipomweleza kwamba kwetu rais ni mkuu wa nchi, alicheka akasema kuwa mkuu wa nchi akiharibikiwa ana mawaziri wa kuwalaumu, na yeye hana ila upepo.

Neno jingine lilinipa mazingatio zaidi. Kwetu Pwani, kibla ni jina la upande wa kaskazini, kwa sababu Makka iko karibu sawasawa kaskazini ya Mombasa na Lamu. Wamisri nao wana neno hilo hilo, qibli, lakini kwao maana yake ni kusini. Kaskazini wao huita bahri, yaani upande wa bahari. Kila rais aliposema kwamba twaelekea qibli, fikira zangu zilikimbilia kaskazini na chombo kikaenda kusini. Neno ni moja, na watu wa pande mbili wametazamana, baina yao iko nyumba moja tukufu. Ndani ya chombo penyewe tuliposali tulielekea mashariki, kusini kidogo, mkono wa kushoto wa chombo kinachopanda mto. Na mto ulipokuwa karibu kupinda, kijana wa usukani alitupa ishara mapema, tusije tukahirimia upande huu tukatoa salamu upande mwingine.

MOSHI ULIPOLISHINDA TANGA

Msomaji asidhani kwamba dhahabia zimedumu tangu zama hizo hadi leo bila kukatika. Zilikwisha karibu zote, kisha zikafufuliwa. Katika karne ya 19, mgeni tajiri aliyefika Misri alikodi dhahabia huko Cairo, akaajiri rais na mabaharia, akapanda mto miezi miwili au mitatu. Mwingereza Amelia Edwards alisafiri hivyo katika msimu wa mwaka 1873 na 1874, akapita Aswan hadi Abu Simbel na mbele yake, na kitabu alichokiandika, kilichotoka mwaka 1877, kilisomwa sana. Pale penye maporomoko ya Aswan chombo chake kilivutwa kwa kamba na Wanubi wenyeji, watu wengi wakivuta kwa sauti moja.

Lakini tayari siku zile meli za moshi za Thomas Cook zilikuwa zikifanya kazi mtoni. Safari ya miezi ikawa ya wiki tatu hivi, kwa bei inayojulikana na ratiba iliyopigwa chapa. Wenye haraka wakapanda moshi. Tanga likabaki kwa matajiri wachache, na hao nao mwishowe wakaondoka. Ilipofika miaka ya mwisho ya karne ya 20 na mwanzo wa hii ya 21 ndipo watu walipoanza kuzikarabati dhahabia kuukuu na kuunda mpya kwa mfano wa zile. Haraka iliyoliua tanga ndiyo iliyolirudisha, maana waliochoshwa na haraka walikuwa tayari kulipa ili waipumzike.

Nisifiche kitu. Upepo unapokata, mashua ndogo yenye injini huja ikaifunga dhahabia kamba na kuivuta, na picha hazipigwi saa hiyo. Tanga letu lilifanya kazi yake ya kweli siku tatu. Siku mbili lilikuwa pambo.

MEZA MOJA

Jibu la pili nililipata katika chakula. Meza ilikuwa moja, ndefu, na hapakuwa na pengine pa kukaa. Siku ya kwanza kila mtu alikula akitazama sahani yake. Siku ya pili nilijua kwamba bibi mmoja wa Kifaransa alikuwa mkunga, kwamba mtu na mkewe kutoka Ujerumani walikuwa wakiadhimisha miaka arubaini ya ndoa, na kwamba daktari mmoja Mwislamu kutoka Durban, mwenye asili ya Kihindi, alisoma Kurani kwa sauti ya kumtoa mtu machozi. Mpishi alileta mulukhiya, nikawaambia kwamba mboga hiyo kwetu ni mlenda na wala haipewi heshima ya kuwekwa katika bakuli la kigae. Mvinyo ulikuwapo kwa waliotaka. Sikuulizwa kwa nini sinywi, wala sikumwuliza mtu kwa nini anywa. Niliwekewa birika langu la karkade, maji ya maua mekundu ambayo Aswan yajulikana kwayo.

Ijumaa ilitukuta njiani. Saa sita kasoro rais alifunga chombo penye kijiji kidogo ambacho katika karatasi ya safari hakimo, ili yeye na watu wake wakasali. Mgeni mmoja alinung'unika kwamba amelipia kutazama mahekalu, hakulipia kungojea. Rais hakumjibu kwa ukali. Alimwambia tu kwamba hekalu la Edfu lilianza kujengwa mwaka 237 kabla ya Nabii Isa na kumalizika mwaka 57, kwa hivyo halitakimbia kwa saa moja. Mimi na daktari tukashuka na mabaharia. Tuliporudi tulimkuta yule bibi mkunga chini ya mtende, ametandikiwa mkeka na wanawake wa pale, amepakata mtoto wa watu, nao wakizungumza kwa mikono. Yule aliyenung'unika alikuwa ameketi kando akinywa chai aliyopewa bure, na jioni akaniuliza maana ya khutba.

Meli yenye watu mia haiwezi kufanya hivyo hata nahodha wake akiwa walii, kwa kuwa ratiba yake ndiyo inayoamuru. Hapo ndipo neno uns liliponirudia. Walicholipia watu hawa kilikuwa ni chombo kidogo kiasi cha kumfanya mtu ajulikane jina lake, asubiriwe, na yeye pia amsubiri mwenziwe. Baba zetu walikipata kitu hicho bure ndani ya majahazi, pamoja na kichefuchefu, maji ya chumvi na wali wenye mchanga.

BAHARIA ALIYEANDIKWA UKUTANI

Udogo wa chombo una faida nyingine, nayo ni kutia nanga mahali ambapo wakubwa hawawezi. Tulishuka El Kab, penye makaburi yaliyochongwa katika mwamba. Kaburi moja ni la Ahmose mwana wa Ebana, aliyeishi miaka kiasi cha 3,500 iliyopita. Huyu hakuwa mfalme. Alikuwa mwanamaji, na ukutani imeandikwa khabari ya maisha yake: kwamba alianza ujanani kwa kushika nafasi ya babake chomboni, kisha akahamishwa kutoka chombo hiki kwenda kile, akapigana vita vya kuwatoa Wahyksos katika Misri, akatunukiwa dhahabu. Nimeona makumbusho mengi, lakini ni nadra kuona kazi ya baharia imehifadhiwa kwa heshima kama hiyo.

Rais hakuingia kaburini. Alikwisha kuliona mara nyingi. Alikaa nje na mimi kivulini. Alinieleza kwamba yeye pia alijifunza kwa babake, katika vyombo vya kuchukulia mawe na ngano, na kwamba mwanawe wa kiume hataki hata kulishika tanga. Anasoma mambo ya kompyuta huko Cairo. Nilimwuliza kama jambo hilo lamsikitisha. Akasema kwamba mwaka 2011, baada ya mapinduzi, wageni walipotoweka, alikata miwa mashambani mwa watu ili watoto wale; na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga dunia, dhahabia zilifungwa gatini na mabaharia wakarudi kwao mikono mitupu. Hawezi basi kumlazimisha kijana kurithi kazi ambayo mtu aliye London akiogopa kupanda ndege, mtu wa Esna hulala na njaa. Chombo si chake. Ni cha kampuni, na yeye ni mwajiriwa.

Maneno hayo yalinifuata hadi mwisho wa safari. Tulipita Gebel Silsila, penye machimbo ya mawe yaliyojenga mahekalu ya Luxor. Usiku tulifika Kom Ombo, tukaona meli kubwa zimefungwa ubavu kwa ubavu, hata aliye katika ile ya nje hupita ndani ya sebule za nyingine ili afike nchi kavu, na dirisha la mmoja latazama dirisha la mwingine. Mpishi wetu aliomba ruhusa akaenda kwao, maana yeye ni Mnubi, na wazee wake ni miongoni mwa watu kiasi cha 50,000 waliohamishwa katika miaka ya 1963 na 1964, lilipokuwa likijengwa Bwawa Kuu la Aswan, wakaletwa nchi ya Kom Ombo, mbali na mto waliozaliwa kando yake. Hao msiwachanganye na Wanubi wetu wa Kibra, ambao asili yao ni askari waliotoka Sudan. Mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa kipande kwa kipande na kuinuliwa juu ya maji kati ya 1964 na 1968, na ulimwengu mzima ukachanga fedha. Nyumba za Wanubi zilizama. Ni kwa sababu ya bwawa hilo kwamba dhahabia leo hukoma Aswan. Njia aliyopita Bi Edwards imezibwa.

NA JAHAZI LETU JE?

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa sikuziandika khabari za Misri ili tuwaonee Wamisri gere. Sisi pia tuna tanga linalokufa. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, tumebaki nao katika mifano ya makumbusho. Na ule ulioundwa upya ukawekwa Beit al-Ajaib kule Unguja, jumba lenyewe liliporomoka sehemu yake mwezi wa Desemba 2020. Majahazi yaliyokuwa yakipakia boriti Lamu na kuzipeleka Bara Arabu yalipoteza shehena yao serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nchi za nje mwaka 1982. Injini ikamaliza kazi iliyobaki. Matondoni bado kuna mafundi wajuao kuunda chombo kwa jicho bila kuchora, lakini mteja anayekuja siku hizi, mara nyingi, ataka chombo cha kutembezea wageni.

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba heri jahazi life na heshima yake kuliko kugeuzwa mkahawa wa watu wa nusu uchi. Nawaelewa, kwa kuwa si yote tuliyoyaona katika fuo zetu yanayofaa kusimuliwa mbele ya watoto. Wako wasemao kinyume, kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, na kwamba tanga la mtalii ni bora kuliko kutokuwa na tanga. Mimi niliyelala siku tano ndani ya dhahabia nasema kwamba pande zote mbili zimeliacha swali lenyewe. Swali ni hili: chombo ni cha nani, na nani aliye na neno chomboni?

Rais wa Esna aliweza kufunga chombo kwa ajili ya Ijumaa, na hakuna mgeni aliyekufa kwa kungojea. Bali waliporudi kwao, naamini saa ile ya kijijini ndiyo wanayoisimulia. Adabu ya mwenyeji haikuharibu biashara. Ilikuwa sehemu ya bidhaa. Lakini rais huyo huyo hakuwa na hisa hata ya ubao mmoja, na msiba ulipokuja yeye ndiye aliyekata miwa. Lamu hatuhitaji kwenda Misri kulijifunza hilo. Wageni walipotekwa mwaka 2011, na damu ilipomwagika Mpeketoni mwaka 2014, fuo zilikauka, na vijana wa mashua walikaa mabarazani wakitazama maji.

Kwa hivyo, wazee wa miji na vijana wenye vyombo, akija mtu na fedha zake akataka kulifanya jahazi kuwa nyumba ya anasa, msimfukuze wala msimpigie magoti. Mwambieni kwamba nahodha na fundi wataandikwa katika karatasi ya umiliki. Mwambieni kwamba kila chombo kitachukua kijana mmoja wa kufundishwa tanga, kubisha na kusoma nyota, naye alipwe akijifunza. Na msimu wa wageni ukipita, chombo kiwe na kazi nyingine, samaki au shehena, kisikae gatini kikingojea simu ya Ulaya. Mashindano ya majahazi katika Maulidi ya Lamu yatuonyesha kwamba mikono ya kuliongoza tanga bado iko, na kwamba watu wetu hulipenda bila kulipwa na mtu.

Wazee wetu walisema dau la mnyonge halendi joshi. Walisema kweli, ikiwa mnyonge yu peke yake ndani ya dau. Kama anasa ni uns, basi chombo kidogo ni mahali pazuri pa kuianzia: wako wachache, wanajuana majina, na kila mmoja anajua ni nani aliyelishika tanga.